Kanda ya Ghalani na Gombo la Pili

Sisi tunaoandika makala haya ni wanakwaya sita wa zamani. Tumeimba pamoja katika usharika mmoja tangu tukiwa vijana, na sasa karibu wote tuna wajukuu. Kwaya tumewaachia vijana, lakini kila Alhamisi jioni bado tunakutana kusoma Neno, kuombeana, na muda ukiruhusu, kusikiliza nyimbo. Tulipoombwa kuandika jambo lililoigusa imani yetu, tulikubaliana kuandika juu ya albamu moja ya muziki wa soul ya Marekani, ambayo mtoto wa mmoja wetu alituletea na ambayo tuliijadili kwa majuma matatu mfululizo.

Tunajua wapo watakaouliza, wimbo wa dunia umefikaje katika kitabu cha kanisa? Ni swali la haki. Tungeweza kujibu kwamba muziki wa soul ulitokana na nyimbo za makanisa ya Wamarekani weusi. Sam Cooke alikuwa mtoto wa mchungaji, na aliimba katika kundi la injili la Soul Stirrers kabla ya kugeukia nyimbo za mapenzi. Aretha Franklin alianza kuimba akiwa mtoto katika kanisa la baba yake, Mchungaji C. L. Franklin, mjini Detroit. Lakini mwimbaji tunayemzungumzia hakulelewa katika kwaya, na hatutaki kumvika joho ambalo hakulivaa. Bettye LaVette alizaliwa mwaka 1946 huko Muskegon, jimbo la Michigan, akakulia Detroit. Wazazi wake waliuza pombe nyumbani. Sebuleni palikuwa na mashine ya kupigia santuri, na waimbaji wa vikundi vya injili waliopita mjini walifika pale kunywa na kuimba. Huko ndiko masikio yake yalikofunguka. Tunamwandika kwa sababu ya jambo lililoipata kazi yake, na kwa sababu jambo hilo liliwahi kutupata na sisi.

Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 16, wimbo wake wa kwanza ulitolewa na kampuni ya Atlantic na ukapendwa. Baada ya hapo alihamahama katika kampuni ndogo ndogo, akitoa wimbo mmoja hapa na mwingine pale, bila kupata albamu hata moja. Ndipo mwaka 1972 akapata nafasi aliyoingoja. Akiwa tena chini ya Atlantic, alipelekwa Muscle Shoals, katika jimbo la Alabama. Pale palikuwa na wapigaji waliosifika: Roger Hawkins kwenye ngoma, David Hood kwenye gitaa la besi, Jimmy Johnson kwenye gitaa na Barry Beckett kwenye kinanda. Mtayarishaji alikuwa Brad Shapiro. Walirekodi nyimbo 12. Albamu ikapewa jina, Child of the Seventies. Bettye alikuwa na miaka 26.

Kisha ikaja simu kumwambia kwamba kampuni imeamua kutoitoa albamu ile. Mwenyewe amesimulia kwamba baada ya simu hiyo aliingia chini ya meza ya chakula na chupa ya mvinyo, akakaa huko. Nyimbo mbili zilipata kutoka katika santuri ndogo, nazo hazikufika mbali. Nyingine zote zikabaki kwenye kanda, na kanda zikabaki ghalani.

Zilikaa miaka 28.

Katika miaka hiyo Bettye hakuacha kuimba. Aliimba katika vilabu vidogo. Alisafiri kwa miaka kadhaa na mchezo wa jukwaani uitwao Bubbling Brown Sugar. Mwaka 1982 kampuni ya Motown ilimtolea albamu, ya kwanza kabisa kutoka, ikiwa ni miaka 20 tangu wimbo wake wa kwanza, nayo ikapita bila kelele. Alirudi Detroit kuimba mbele ya watu wachache waliomfahamu. Mtu angemwona usiku mmoja katika klabu ile asingejua kwamba mwanamke huyu ana albamu nzima iliyofungiwa mahali.

Aliyeifungulia njia alikuwa Mfaransa mmoja mkusanyaji wa santuri, Gilles Pétard. Aliusikia uzuri wa kazi ile, akaitafuta kanda, akapata kibali, akaitoa Ufaransa mwaka 2000 kwa jina la Souvenirs. Jina hilo lilitokana na wimbo mmojawapo uliomo, uliotungwa na John Prine, unaohusu kumbukumbu za vitu ambavyo mtu hawezi kuvipata tena. Mwaka 2006 albamu ikatolewa upya Marekani na Rhino Handmade, safari hii kwa jina lake la asili. Tena iliongezwa: mbali na zile nyimbo 12 za Muscle Shoals, waliweka nyimbo nyingine alizorekodi kwa kampuni ileile, zikiwamo za mwanzo kabisa alipokuwa binti mdogo. Hilo toleo lililoongezwa ndilo tuliloletewa sisi.

Tulilisikiliza kama wanakwaya wanavyosikiliza, kila mmoja akifuata sauti yake. Sauti ya Bettye si tamu kwa namna tuliyozoea kuiita tamu. Ina mikwaruzo. Anapofika mahali ambapo mwimbaji mwingine angepamba, yeye anasema neno kama lilivyo na kuliacha. Wapigaji wanamwachia nafasi, hawamfunikii. Mzee wetu wa sauti ya nne alisema, “Huyu haimbi apigiwe makofi. Anaimba kama anatoa ushahidi.” Tulisikiliza wimbo wa Your Turn to Cry mara tatu jioni ileile, na hakuna aliyetaka chai hadi ulipokwisha.

Hapo ndipo mmoja wetu alipotaja kanda yetu.

Mwaka 1996 kwaya yetu ilirekodi nyimbo 10. Tulichanga fedha kwa miezi mingi. Tuliuza maandazi baada ya ibada, tuliuza kuku, wengine walitoa sehemu ya mshahara. Tulirekodi kwa usiku mbili kwa sababu mchana palikuwa na kelele za magari. Mwenye studio alituambia kanda zitakuwa tayari kabla ya Krismasi. Krismasi ikapita. Tulipokwenda kuuliza tuliambiwa tusubiri, na tulipokwenda tena tulikuta mlango umefungwa na mwenyewe amehama mji. Fedha zilikwenda, kanda ikaenda. Hatukupata hata nakala moja.

Mwalimu wetu wa kwaya, aliyetunga nyimbo saba kati ya zile 10, alifariki bila kuzisikia. Na mwaka 2003 tulimzika dada yetu aliyeongoza sauti ya kwanza. Aliacha watoto watatu, na yule wa mwisho alikuwa hajatimiza miaka miwili. Binti huyo sasa ni mtu mzima, naye huimba katika kwaya ya vijana. Amewahi kutuuliza, “Mama zangu, mama aliimbaje?” Tulijaribu kumweleza. Sauti ya mtu haielezeki kwa maneno. Kama kanda ile ingekuwapo, tungeibonyeza tu akasikia.

Mtaelewa basi kwa nini albamu ya Bettye LaVette ilituchoma. Kwa juma la kwanza tuliifurahia. Mmoja wetu alisema, “Mnaona? Mvumilivu hula mbivu. Mungu akiweka kitu ghalani, wakati wake ukifika atakitoa.” Akatukumbusha yaliyomfuata mama huyu baada ya kanda ile kutoka. Mwaka 2003 alitoa albamu mpya, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo. Mwaka 2005 akatoa nyingine. Mwaka 2007 alirudi Muscle Shoals kurekodi na kundi la Drive-By Truckers, ambalo kiongozi wake, Patterson Hood, ni mtoto wa yule David Hood aliyepiga besi mwaka 1972. Na Januari 2009, katika tamasha la kumkaribisha Rais Barack Obama, alisimama mbele ya jengo la kumbukumbu ya Lincoln mjini Washington akaimba, pamoja na Jon Bon Jovi, wimbo wa Sam Cooke wa A Change Is Gonna Come mbele ya umati mkubwa. Alikuwa anakaribia miaka 63.

Dada yetu wa sauti ya pili alisikiliza yote hayo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Na mwenzetu aliyelala? Yeye hakuvumilia?”

Hakuna aliyemjibu. Tulifunga kwa sala tukaenda nyumbani.

Swali lile lilitufuata juma zima, kwa sababu ni la kweli. Ushuhuda tunaoupenda kanisani ni ule unaoishia vizuri. Aliyekosa mtoto akapata, aliyefukuzwa kazi akapata kazi kubwa zaidi, aliyedharauliwa akaketi na wakuu. Tunapiga vigelegele, na ni haki yetu kumshukuru Mungu. Lakini katika benchi la nyuma ameketi mtu ambaye aliomba hivyohivyo, akafunga hivyohivyo, na kanda yake haikupatikana. Tukimwambia tu avumilie, tunamwongezea mzigo. Anaondoka akidhani kwamba imani yake ndiyo iliyopungua.

Alhamisi iliyofuata tulisoma Yeremia 36. Hatukuichagua kwa ajili ya jambo hili. Ilikuwa ndiyo zamu yake katika mpango wetu wa kusoma. Yeremia alikuwa amehubiri miaka 23. Bwana akamwambia ayaandike maneno yote katika gombo, naye akamwita Baruku mwandishi, akamtamkia, Baruku akaandika kwa wino. Gombo likasomwa hekaluni. Likafikishwa kwa Mfalme Yehoyakimu, akiwa ameketi katika nyumba ya wakati wa baridi, moto ukiwaka mbele yake. Kila msomaji aliposoma kurasa tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu akazitupa motoni, hadi gombo lote likateketea. Wapo wakuu waliomsihi asilichome, naye hakuwasikia. Miaka 23 ya kazi ikawa majivu.

Tukasoma hadi mwisho wa sura. Bwana anamwambia Yeremia atwae gombo jingine ayaandike tena maneno yale ya kwanza. Yeremia akampa Baruku gombo jingine, akamtamkia upya. Na mstari wa mwisho unaeleza kwamba maneno mengine mengi ya namna ileile yaliongezwa juu yake.

Mzee wa sauti ya nne aliinua kichwa akasema, “Hili nalo ni toleo lililoongezwa.” Tukacheka wote. Halafu tukanyamaza, kwa maana alikuwa amesema neno.

Tukatazama kwa makini tofauti ya mambo haya mawili. Kanda ya Bettye ilipatikana ikiwa nzima. Sauti ya mwaka 1972 ilitoka ghalani kama ilivyoingia. Gombo la Yeremia halikupatikana. Mungu hakuyaamuru majivu yarudi kuwa gombo. Aliyekuwa na maneno ilimbidi aketi chini ayakumbuke, na aliyekuwa na kalamu ilimbidi aanze tena kwenye mstari wa kwanza. Kumbe zipo njia mbili ambazo Mungu hutumia. Kuna kazi anazozihifadhi zikatokea baadaye kama zilivyokuwa. Na kuna kazi zinazoteketea kweli, nazo anatuagiza tuziandike upya. Hii njia ya pili ina jasho, wala haiji na umati wala tuzo. Lakini ni njia yake vilevile, na nyongeza imo ndani yake.

Tukamsoma pia Baruku katika sura ya 45, fupi kuliko zote za kitabu kile. Baruku alikuwa amechoka. Alilalamika kwamba Bwana ameongeza huzuni juu ya maumivu yake, na kwamba hapati raha. Jibu alilopewa ni gumu. Aliambiwa asijitafutie mambo makuu. Aliahidiwa jambo moja tu, kwamba atapewa uhai wake popote atakapokwenda. Hakuahidiwa kwamba mfalme atajuta wala kwamba gombo la kwanza litaonekana. Dada yetu wa sauti ya pili aliisoma sura ile mara mbili, kisha akasema, “Huyu ndiye mwenzangu.”

Hatutaki kusema kwamba miaka 28 ya Bettye LaVette ilikuwa baraka iliyojificha. Aliyeifungia albamu ile alimnyima mwanamke wa miaka 26 ujana wa kazi yake, na mwaka 2006 haukumrudishia. Hatutaki kusema pia kwamba moto wa Yehoyakimu ulikuwa mwema kwa sababu gombo la pili lilikuwa refu zaidi. Sura ileile inaeleza hukumu iliyotamkwa juu ya mfalme yule. Ubaya ni ubaya, na Mungu hauiti kwa jina jingine. Tunalosema ni kwamba ubaya haukupewa neno la mwisho. Nyimbo zile 12 hazikuwa nzuri kwa sababu zilitolewa Ufaransa mwaka 2000. Zilikuwa nzuri siku zilipoimbwa, zilikuwa nzuri gizani ghalani, na zingekuwa nzuri hata kama Pétard asingezaliwa. Toleo jipya lilitufungulia masikio sisi tu. Mungu alikuwa amekwisha kuzisikia tangu mwanzo.

Basi na zile nyimbo zetu 10 zilisikika. Zilipaa usiku ule wa mwaka 1996, na aliyeimbiwa alikuwapo. Dada yetu hakuimba kwa ajili ya mwenye studio. Malaki anaeleza juu ya kitabu cha ukumbusho kilichoandikwa mbele za Bwana kwa ajili ya wamchao. Kitabu hicho hakina mfalme wa kukikata kwa kisu wala ghala linaloweza kufungwa na mwenyewe kuhama mji. Siku ya ufufuo binti yule ataisikia sauti ya mama yake kutoka kwa mama mwenyewe. Haya tunayaamini, na tuliposema hivi kwa pamoja mara ya kwanza tulilia.

Lakini Yeremia hakuambiwa angoje siku ile tu. Aliambiwa atwae gombo jingine. Kwa hiyo mwezi huohuo tulikwenda kwa mjane wa mwalimu wetu kumwomba madaftari. Alikuwa nayo matano, yameliwa na mende pembeni, nota zake zimeandikwa kwa penseli. Nyimbo sita zimo kamili. Moja ina kiitikio bila beti. Tatu hazimo kabisa, ikabidi tuziimbe polepole kwa kukumbushana, huyu akitoa mstari na yule akitoa mwingine, tukibishana kama ilikuwa “rehema” au “neema”. Wimbo mmoja umetushinda ubeti wa tatu. Tumeuacha wazi.

Sasa tunawafundisha vijana. Binti yule yumo katika sauti ya kwanza. Dada yetu wa sauti ya pili, ambaye alisimama kando ya mama yake kwa miaka 11, anamwonyesha mahali mama alipopenda kuchelewa kidogo kabla ya kushuka, na mahali alipovuta pumzi. Anapokosea anamwambia, “Hapana, mwanangu, mama yako alikuwa anasubiri hapa.” Sauti anayoitoa ni yake mwenyewe, na hatumdanganyi kwamba ni ya mama yake. Lakini mahali pa kusubiri amepajua.

Na vijana wameongeza. Ule ubeti wa tatu uliotushinda wametunga wao. Mwanzoni mmoja wetu hakupendezwa, alisema si kazi ya mwalimu. Tukamkumbusha mstari wa mwisho wa Yeremia 36. Akakubali, ingawa alisema wangetafuta neno bora zaidi la kumalizia, na kusema kweli ana haki.

Mpendwa msomaji, pengine nawe una kanda ghalani. Inaweza kuwa biashara uliyoijenga ukadhulumiwa, au masomo yaliyokatizwa, au utumishi ambao mwingine alipewa shukrani zake, au miaka uliyomlea mtu ambaye hakurudi kukuona. Hatujui kama kanda yako itapatikana. Zipo zinazopatikana, kama ya Bettye LaVette, na ikitokea hivyo, tuite tuje tusikilize. Lakini isipopatikana, usidhani kwamba Mungu hakuwapo ulipokuwa unaimba. Uliza kama bado unayakumbuka maneno. Uliza kama kuna Baruku karibu nawe mwenye wino. Kisha twaa gombo jingine, uanze kwenye mstari wa kwanza, na uache nafasi chini kwa maneno yatakayoongezwa.